Dirii ya mwaka 1361: anza na nguo, chuma kitafuata

Mimi ni fundi sofa hapa Majengo, Moshi. Miaka yote kazi yangu imekuwa makochi, magodoro na viti vya daladala. Mavazi ya vita niliyaanza kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, ambaye anachomelea mageti pembeni ya karakana yangu. Yeye na wenzake sita walikuwa wameona kwenye simu namna watu wa Ulaya wanavyovaa chuma cha zama za kati na kupambana uwanjani, mapigo ya kweli lakini kwa sheria. Akaja jioni moja, akaniamkia, akasema, "Shangazi, chuma naweza. Nguo ya ndani ndiyo inanishinda." Nilimkubalia palepale, kwa sababu alikuwa ameanzia panapostahili. Wengi wanaoingia kwenye mambo haya hukimbilia upanga na chapeo, nguo wanaikumbuka wakishaumia.

Kabla hujanunua hata msumari mmoja, chagua mahali na mwaka, uviandike ukutani. Sisi tuliandika kwa chaki: VISBY, 1361. Tangu hapo kila kifaa kinachoingia karakanani kinaulizwa swali moja: mtu wa pale, mwaka ule, angekuwa nacho? Usipouliza utaishia na chapeo ya karne ya 12, vikinga goti vya karne ya 15 na mkanda wa sinema, na mwenye kujua ataugundua mchanganyiko huo akiwa bado mbali.

Visby ni mji katika kisiwa cha Gotland, ambacho leo ni sehemu ya Uswidi. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar wa Nne wa Denmark liliwachinja wakulima wa kisiwa hicho nje ya kuta za mji. Kilikuwa kiangazi cha huko, miili ikioza haraka kwa joto, na wengi wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja wakiwa bado na mavazi yao ya vita. Wachimbuaji wa karne ya 20 walitoa mifupa ya watu zaidi ya 1,100, na pamoja nayo dirii, glavu za chuma, na kofia za vikuku, yaani za pete ndogo za chuma zilizoshikana, zilizokuwa bado zimeshika mafuvu. Ndiyo maana namshauri anayeanza achague hapo: vitu vyenyewe vipo, vimepimwa na kuchorwa bamba kwa bamba. Halafu waliovaa walikuwa wakulima, na hilo lilinigusa sana. Walitoka na kilichokuwepo nyumbani, na baadhi ya dirii zao zilikuwa za kizamani hata kwa mwaka ule.

Maneno tunayo. Aliyewahi kusikia Waefeso 6 ikisomwa kanisani anajua dirii, chapeo na ngao. Ila usifikirie bamba moja la kifua linalong'aa. Dirii ya Visby ni mabamba mengi ya chuma yaliyopigiliwa kwa ndani ya vazi la ngozi au kitambaa kizito. Ukisimama mbele ya aliyeivaa unaona ngozi na vichwa vya riveti tu.

Sasa nguo. Kosa langu nalisema kwanza ili usilirudie. Fundi sofa akiambiwa atafute kitu cha kupokea pigo, mawazo yake yanakwenda kwenye sponji. Nikashona fulana ya sponji ya inchi moja, safi, nyepesi. Siku ya kwanza ya mazoezi mpini ulitua juu ya bamba, sponji ikanywea kama haipo, na kijana wetu akalalia upande mmoja wiki tatu kwa maumivu ya mbavu. Sponji inakubali kila kitu: ukiikalia inashuka, ukiipiga inashuka. Unachotaka wewe ni kitu kinachobisha kidogo, kinacholitawanya pigo mpaka liwe pana na dhaifu.

Wazee wa enzi hizo walilijua hilo, wakatumia matabaka ya kitani, au pamba iliyoshindiliwa kati ya vitambaa viwili. Jina mojawapo la vazi hilo huko Ulaya, aketon, limetokana na Kiarabu al-qutn, yaani pamba. Uingereza, sheria ya silaha ya mwaka 1181 iliwataka wakazi wa miji wawe na koti la namna hii, kofia ya chuma na mkuki, basi. Kwa hiyo kama mfuko hauruhusu chuma, koti na kofia peke yake ni vazi kamili la kihistoria, wala usione haya. Karne moja baada ya Visby, mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa alitaka makoti ya matabaka 30 ya nguo, au 25 pamoja na ngozi ya kulungu, lakini hayo ni makoti ya kujitegemea. Chini ya mabamba, sisi tumeona matabaka 10 hadi 12 yanatosha. Ukizidisha, mkono hauinuki.

Kitani kipya hukipati kirahisi Moshi. Nenda soko la Memorial asubuhi marobota ya mitumba yakifunguliwa, utafute mapazia na shuka. Usiamini macho wala maneno ya muuzaji. Omba uvute uzi mmoja pembeni, uuchome kwa kiberiti. Ukiwaka vizuri, ukanukia karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu, hicho ni kitani au pamba. Ukijikunja na kugeuka kidonge kigumu cheusi, ni polista, rudisha. Polista haikuwepo 1361, na zaidi ya hapo itakupika ukiwa ndani yake. Kitani kikipungua, matabaka ya katikati yawe merikani nzito. Fua vyote kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kukata, la sivyo koti litapungua baada ya jasho la kwanza.

Kata kwa kipimo cha kifua ukiongeza sentimita 12, maana kila mstari unaopiga unakula nguo. Shikiza matabaka yote kwa bandi kubwa za mkono kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha piga mistari ya wima, kila mmoja sentimita 3 au 4 kutoka kwa mwenzake. Cherehani naitumia kwenye mishono isiyoonekana. Inayoonekana naishona kwa mkono, kwa uzi wa kitani niliouvuta kwenye kipande cha nta ya nyuki mpaka uwe unateleza na kunata kwa wakati mmoja. Ni kazi ya jioni nyingi, lakini mshono wa mkono haufanani na wa mashine hata kidogo, na mtu akikusogelea hicho ndicho anachokiona kwanza.

Kazi kubwa ipo kwapani. Ukishona mkono kama wa koti la suti, kila kijana akiinua upanga koti zima litapanda nao na dirii itamkaba shingo. Tundu la mkono liwe dogo na liwe juu, karibu kabisa na kwapa, na chini ya kwapa acha uwazi usioshonwa, upana wa vidole vinne. Mvalishe, mwambie ainue mikono miwili kama anayetundika pazia. Pindo la chini likipanda zaidi ya vidole viwili, fumua.

Kwa mabamba, tunatumia shiti nyeusi ya geji 18, kama milimita 1.2. Usichukue ya mabati yenye zinki: mng'ao wake unakusuta, na ikipata moto moshi wake ni sumu. Kata kwanza vielelezo vya boksi la kartoni, uviunge kwa nyuzi, uvae, uketi, uiname. Sisi tuliweka mabamba marefu yanayozunguka kiuno na juu yake safu ya mabamba ya kifua, kila moja likilalia jirani yake kwa sentimita 2. Ukishakata kwa grainda, piga tupa kila ukingo mpaka upitishe kidole bila kuogopa; ukingo mkali utakata ngozi ya vazi kabla haujamkata mtu. Kunja kila bamba taratibu juu ya bomba nene la inchi 6, kwa nyundo ya mbao.

Ngozi ya ng'ombe ipo, upande wa Himo wanasindika. Kabla ya kulipa, kata kipande chembamba pembeni utazame katikati yake. Ikiwa ya bluu au kijivu, imelainishwa kwa kemikali ya kromiamu, ambayo haikuwepo zama hizo. Ikiwa ya kahawia mpaka ndani, kuna uwezekano mkubwa kwamba ilitiwa dawa ya magome ya miti, na hiyo ndiyo yetu.

Riveti ni misumari. Riveti za alumini za kuvuta kwa bastola ziache kwenye makabati. Chukua msumari wa inchi 2, upitishe kutoka nje: ngozi kwanza, bamba baadaye, kisha washa ndogo ya chuma. Kata mkia ubakize milimita 2 tu. Kichwa cha msumari kikalie chuma kizito, sisi tuna kipande cha ekseli ya lori, halafu upige mkia kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, mapigo mepesi mengi kwa kuzunguka, sio pigo moja la hasira. Utauona unatanuka kama uyoga na kuishika washa. Mkia mrefu unajikunja badala ya kutanuka, na riveti iliyojikunja italegea wiki ileile. Mkia mfupi mno haushiki. Kijana wetu aliharibu nusu boksi la misumari kabla mkono haujazoea. Siku hizi nikiwa nashona nasikia tu mlio wake najua riveti imekaa.

Lakini usipige riveti zote siku moja. Shikiza mabamba kwa boliti chache, mvalishe, mketishe kwenye kigoda kifupi cha jikoni. Bamba la chini likimchoma pajani, lipunguzwe sasa. Dirii yetu ilipokamilika ilifika kilo 8, na ikining'inia begani peke yake inachosha. Ifunge vizuri kiunoni ili nyonga zibebe.

Chapeo sikuthubutu, wala kijana hakuthubutu. Bakuli lake la chuma lilifuliwa na mhunzi wa Mamba, kule kwenye njia ya Marangu, ambako uhunzi ni kazi ya koo tangu enzi za mikuki ya Wachaga na Wamasai. Sharti letu lilikuwa chuma cha milimita 2, kisipungue. Ile ya ukingo mpana, iliyokaa kama sufuria lililopinduliwa, ni sahihi kabisa kwa wakati huo, lakini uso unabaki wazi, kwa hiyo tunaivaa kwa maonyesho ya kuandamana tu. Wa kupigana anavaa basineti, chapeo inayobana kichwa, yenye kifuniko cha uso. Ndani nashona kofia ya kitani iliyojazwa pamba, ikining'inia kwa kamba kiasi kwamba utosi haugusi chuma hata ukisukuma kwa nguvu. Mkanda wa kidevu ni lazima.

Vikuku navigusia kwa ufupi. Shati zima la vikuku ni pete elfu 20 hadi 30, kila moja ikishika nne nyingine na nyingi zikipigwa riveti. Anza na ukosi wa kulinda shingo. Zungusha waya wa chuma wa milimita 1.6 kwenye nondo laini ya milimita 8, kata pete moja moja, laza ncha moja juu ya nyingine, toboa, piga riveti. Masika zikishika kutu, zitie kwenye gunia lenye mchanga mkavu na siki kidogo, waite watoto wa jirani walivingirishe uani. Hata kale walizisafisha kwa mchanga na siki.

Miguu usiisahau. Sehemu kubwa ya majeraha kwenye mifupa ya Visby ni ya chini ya goti. Mtu amelindwa kifua na kichwa, adui anashuka mguuni. Wakulima wale hawakuwa na kitu pale, na mimi siruhusu kijana yeyote atoke bila vikinga ugoko, hata kama ni vya ngozi ngumu.

Mazoezi yaanze kwa mipini ya mpera, upanga wa chuma baadaye sana, na ukingo wake uwe butu, usipungue unene wa milimita 2. Hakuna kuchoma kwa ncha. Hakuna kupiga kisogo, shingo, nyuma ya goti wala nyayo. Anayepiga goti chini au kuinua mkono haguswi tena. Mwenyekiti wa mtaa ajue mapema, na silaha zisafiri zikiwa zimefungwa kwenye gunia, sio begani kwenye bodaboda. Kuanzia Januari hadi Machi, Moshi inawaka. Fanyeni saa 12 asubuhi, dakika chache, na mtu akiacha kutoa jasho mvueni haraka. Juni na Julai ndiyo miezi yetu. Arusha, kwenye mita 1,400, wana nafuu zaidi.

Kuvaa kunahitaji wawili, kwa sababu dirii ya namna yetu inafungwa mgongoni, kama baadhi ya zile za Visby. Kijana anasimama mlangoni pa karakana, koti limeshafungwa kamba, anainua mikono, mimi namwingiza dirii kwa mbele na kukaza bizimu kuanzia kiunoni kwenda juu. Namwambia avute pumzi mpaka mwisho, aishike. Hapo napitisha vidole viwili chini ya kila mkanda. Vikipita bila kulazimisha, nampa chapeo yake.