Miwani ya VR kwa mbio za simyuleta: anza na kadi ya michoro

Kabla ya kuulizia bei ya miwani ya VR (uhalisia pepe), angalia kwanza kadi ya michoro iliyomo kwenye kompyuta yako. Meta Quest 3 ina pikseli 2064 kwa 2208 kila jicho, yaani zaidi ya milioni 9 kwa macho yote mawili. Skrini ya 4K ina milioni 8.3. Ukicheza kwa picha 90 kwa sekunde, kadi ina milisekunde 11.1 tu za kumaliza kila picha. Ikichelewa, mchezo hushushwa hadi picha 45 na programu inabuni zinazokosekana. Utaligundua hilo kwenye kona: gari lililo ubavuni linaburuta kivuli chake, nguzo za uzio zinatetemeka, na muda si mrefu tumbo linaanza kuchafuka.

Kwa hiyo kadi ya daraja la RTX 3060 inatoshana na Quest 3S, ndugu ya Quest 3 yenye pikseli chache zaidi, kwa picha 72 kwa sekunde. Pimax Crystal Light, yenye 2880 kwa 2880 kila jicho, iache mpaka uwe na kadi kubwa kama RTX 4090. Ni kweli kwamba pikseli nyingi zinakuonyesha mapema kibao cha mita 100 cha kupigia breki, lakini ukilazimika kuzipunguza ili mchezo utembee, umelipia usichokitumia. Pima kwa mchezo mzito kuliko yote unayocheza. Assetto Corsa Competizione huilemea kompyuta kuliko Assetto Corsa ya mwanzo, hasa magari yote yakiwa yamerundikana kwenye kona ya kwanza.

Halafu angalia matundu ya kompyuta. Crystal Light inataka tundu la picha la DisplayPort. PlayStation VR2 pia, na ili ikubali kompyuta inahitaji adapta yake, na waya wa DisplayPort 1.4 unanunua mwenyewe. Laptopu yenye HDMI peke yake inabaki na Quest, inayopokea picha kwa USB au Wi-Fi. Ukitumia Wi-Fi, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, na miwani iwe kwenye 5 GHz. Betri ya Quest 3 hukaa takribani saa 2, na tundu la USB la kompyuta mara nyingi halitoi chaji ya kuifidia.

Wa Gran Turismo 7 kwenye PS5 hawana cha kuchagua: ni PlayStation VR2 tu.

Jihadhari na HP Reverb G2 ya mtumba. Bei inavutia, lakini ilitegemea Windows Mixed Reality, programu ya kuendeshea miwani ya VR ndani ya Windows, ambayo Microsoft iliiondoa kwenye Windows 11 toleo la 24H2.

Pima pia umbali kati ya mboni zako, maana lenzi za miwani zinapaswa kulingana nao. Simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, weka rula juu ya pua, fumba jicho la kulia, linganisha sifuri na mboni ya kushoto, kisha badilisha jicho usome namba iliyo juu ya mboni ya kulia. Quest 3 hurekebishika kati ya milimita 58 na 71. Quest 3S ina hatua tatu tu: 58, 63 na 68. Tena lenzi za 3S na za PlayStation VR2 hufifia pembeni, hivyo kutazama kioo cha ubavuni kutakulazimu kugeuza kichwa kizima.

Mwisho, tenga kitufe kimoja cha usukani kwa kurudisha mtazamo katikati. Kibonyeze ukiwa umeegemea kiti, miguu kwenye pedali. Ukikibonyeza umeinama mbele, ukiegemea utajikuta umekaa nyuma mno, mbali na dashibodi.