Kumwandikia wasifu mzee wa mlima: mwongozo kwa familia za Kasese

Mtu aliyefanya kazi katika milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, awe mpagazi, mwongozaji au askari wa wanyamapori, hujulikana na watu wa makundi mawili ambao hawakutani mara nyingi. Mkewe na watoto wanajua aliondoka lini na alirudi na nini. Wenzake wanajua alifanya nini kambi ya Bujuku mvua ilipokesha. Wasifu unaosomwa mazishini ukiandikwa na kundi moja tu, nusu ya marehemu hubaki nje ya karatasi, na waombolezaji huiona nafasi hiyo upesi.

Mteueni mwandishi mmoja mapema, usiku wa kwanza wa matanga, na msisubiri asubuhi ya maziko. Si lazima awe mtoto wa kwanza. Anatakiwa mtu mwenye mwandiko unaosomeka, anayeweza kukaa na wazee na asiye na ugomvi wa urithi na yeyote. Kwa Waislamu maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo wasifu mrefu uandaliwe kwa ajili ya duwa itakayofuata.

Mwandishi azungumze na watu wasiopungua watatu: mjane au ndugu wa tumbo moja, mwenzake wa kazi, na mtoto aliyekuwa nyumbani baba akisafiri. Kila mmoja aulizwe peke yake. Wakikaa pamoja, anayesema kwanza huwafunga wengine midomo.

Usiulize “alikuwa mtu wa namna gani?” Utajibiwa mpole, mcha Mungu, mchapakazi, maneno ambayo jana yalisomwa kwenye msiba wa jirani. Uliza vitu na vitendo. Buti zake za mpira zilikaa wapi ndani ya nyumba? Mkobani alibeba nini ambacho wenzake hawakubeba? Kuni zikilowa aliwashaje moto, na nani alijifunza kwake? Akirudi alipitia wapi kwanza, shambani, kwa mama yake au jikoni? Jibu moja la aina hiyo lina uzito kuliko sifa kumi.

Kisha zilinganishe kalenda mbili, ya mlima na ya nyumbani. Hapa ndipo wasifu wa mtu wa namna hii hupata uti wa mgongo. Wageni wengi hupanda miezi ya ukavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Desemba ni Krismasi, na kwa kawaida muhula wa kwanza wa shule hufunguliwa Februari. Maana yake, baba aliyekosekana mezani siku ya sikukuu huenda alikuwa juu akiitafuta ada. Waulizeni watoto kama ndivyo ilivyokuwa, na ikiwa ndivyo, semeni wazi. Tazameni tofauti:

“Marehemu alikuwa mchapakazi aliyeipenda familia yake.”

“Krismasi nyingi baba alikuwa Kitandara na mizigo ya wageni. Alirudi Januari, akampa mama fedha za ada kabla hajavua buti.”

Mfano wa pili hauna sifa hata moja, lakini aliyemfahamu atatikisa kichwa akikubali.

Miaka ndiyo huleta mabishano mengi. Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, na iliyo kwenye kitambulisho pengine ilikadiriwa. Tumieni matukio ambayo kila mtu anayakumbuka: tetemeko la ardhi la Toro la Machi 20, 1966, Amin kuchukua serikali Januari 1971, vita vya 1979, Museveni kuingia Kampala Januari 1986, kubadilishwa kwa fedha 1987, mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013. Ulizeni: tetemeko lilipotokea alikuwa anatembea au anabebwa mgongoni? Mkijibiwa kwamba alibebwa, andikeni “alizaliwa kati ya 1963 na 1965”. Tarehe kamili ya kubuni ni mbaya zaidi, kwa sababu itanakiliwa kaburini na kwenye hati.

Habari za mlimani nazo zihakikiwe, maana wenzake watakuwa wamekaa pale wakisikiliza. Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, ina urefu wa mita 5,109. Kwa kawaida wapagazi hawafiki kileleni. Huishia kambini, na wanaopanda barafuni ni waongozaji pamoja na wageni. Kwa hiyo msiseme mpagazi “alipanda Margherita kila mwezi”. Kufikisha mzigo kambi ya Elena, zaidi ya mita 4,500, kwa kupita kwenye matope ya Bigo, ni kazi inayojitosheleza kwa heshima. Safari ilipoanzia pia patajwe: njia ya Nyakalengija na njia ya Kilembe ni tofauti, na kila moja ina watu wake. Kama kuna miaka hakupanda, kumbukeni kwamba hifadhi ilifungwa kutoka 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi. Ulizeni familia iliishije miaka ile. Mara nyingi hapo ndipo pana habari nzito zaidi ya yote.

Kuhusu uwindaji, tuwe waangalifu. Rwenzori ilifanywa hifadhi ya taifa 1991, na wapo wazee waliowinda au kukata mianzi huko kabla na hata baada ya hapo. Ujuzi wake wa nyayo, upepo na mitego unaweza kusemwa kwa heshima kama mambo ya ujana wake. Wenzake walio hai wasitajwe majina, wala msisifu windo lililofanyika ndani ya hifadhi. Askari wa hifadhi huja misibani pia, na mara nyingine ni watoto wa ukoo huo huo.

Majina ya watoto yanahitaji saa nzima. Kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: kwa wavulana wa mama mmoja Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, kwa wasichana Masika, Biira, Kabugho. Orodha ikisomwa Baluku kisha Masereka, kila mtu atajiuliza Bwambale yuko wapi. Huenda alifariki mdogo. Mwulizeni mama faraghani kama angependa atajwe, na uamuzi uwe wake. Andikeni jina kamili la kila mtoto, maana akina Baluku ni wengi. Watoto waliozaliwa nje ya nyumba wajadiliwe na wazee wa ukoo usiku wa kuamkia maziko. Mambo hayo yakianzia kwenye maikrofoni, mazishi husimama. Madeni, mrithi na chanzo cha kifo vina wasemaji wao na havihusiki na wasifu.

Wasifu mzuri husomwa kwa dakika saba, yaani kama maneno 700 kwa msomaji asiyekimbia. Jamaa wakiwa wametoka Beni na Butembo, ng’ambo ya mpaka huko Kongo, Kiswahili ndicho huunganisha pande zote. Mkiweka mkalimani wa Lukonzo, punguzeni hadi maneno 350, na sentensi ziwe fupi za kutafsirika kwa pumzi moja. Chapeni kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, na kurasa zipewe namba, kwa kuwa upepo wa Kasese huwa hauombi ruhusa. Msomaji asome kwa sauti mara mbili kabla ya ibada. Asimame na mtu wa pili mwenye nakala, atakayeendelea machozi yakimshinda. Mwandishi na msomaji si lazima wawe mtu mmoja. Maikrofoni ikae upana wa kiganja kutoka mdomoni, na jenereta iwekwe nyuma ya nyumba.

Baada ya maziko, mpeni mjane nakala na nyingine mwenzake wa kazi, kisha waacheni wasahihishe kwa wiki kadhaa, kwani mengi hukumbukwa watu wakishatawanyika. Jina na tarehe ya kifo vilingane na vilivyopelekwa kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili), la sivyo familia itahangaika wakati wa kufuatilia mali. Picha zake za mlimani ziandikwe majina ya waliomo, mahali na mwaka, kwa penseli laini nyuma ya karatasi. Wino wa kalamu huvuja na kutokea mbele.