SOMO: Samaki wa taka anayejazwa na umma

Wakuu, salaam. Swali la samaki wa chupa limerudi tena kwenye meseji zangu: unaundaje sanamu ya samaki ambayo watu waliokuja kwenye maonyesho wanaijaza wenyewe kwa taka za plastiki? Kwa hiyo namwaga yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamrudisha huku.

1. Chora samaki mkubwa kuliko mtu.

2. Unda kiunzi kwa nondo nyembamba, kivalishe wavu wa waya. Mdomo uache wazi.

3. Okoteni taka majini na kandokando. Glavu ni lazima. Sindano na vioo msiviokote.

4. Osha, anika, tenga kwa rangi.

5. Kufunga. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. USIPAKE RANGI, USIGUNDISHE. Vizibo vingi ni vya polipropilini au polietilini, na plastiki hizo hazishiki vizuri rangi wala gundi. Jua likipiga, rangi inabanduka, mvua inasomba magamba ya rangi hadi kwenye maji uliyotaka kuyatetea. Kipande kisichofika milimita 5 tayari ni maikroplastiki. Nani atakirudia kukiokota? Rangi za taka zenyewe zinatosha. Toboa kwa keekee juu ya turubai, zoa unga wote, kisha funga kwa waya. Msumari wa moto marufuku: PVC (plastiki kama ya mabomba) ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma koo na mapafu.

6. Siku ya maonyesho peleka kiunzi KITUPU, wageni ndio wafunge vipande ulivyotoboa. Ukishakijaza na marafiki zako, waliokuja watabaki kupiga picha tu.

7. Kabla ya kuanza, ujue nani atapokea plastiki samaki akivunjwa.

MASWALI

Chipukizi: Mkuu, gundi ya moto je?
— Hatua ya 5.

Mzee wa Fasta: Muda hamna. Nikinunua chupa mpya nizijaze?
— Utakuwa umetengeneza taka ili ulalamikie taka.

Mzee wa Fasta: Nimeuliza tu, mbona ukali?
— Nimejibu tu.

Bint Maji: Samahani, kwa nini ufukweni vizibo ni vingi, chupa chache?
— Swali tamu hili. Sababu mojawapo ni uzito. Kizibo ni chepesi kuliko maji, kinaelea hata kikipasuka. Chupa za vinywaji nyingi ni za PET, plastiki ya aina nyingine, ambayo ni nzito kuliko maji. Huelea kwa hewa iliyofungiwa ndani tu. Ikiingia maji, inazama. Weka beseni kando ya samaki, watu wadumbukize vipande vya aina zote mbili, ila kwanza kila mmoja abashiri. Foleni ya hapo inaweza kuizidi ya samaki.

Bint Maji: Na maboya meupe yanayopukutika?
— Usiyatoboe, yatamwaga punje kila mahali. Yatie kwenye mfuko unaoonyesha, ufunge vizuri, uuweke tumboni.

Fundi Nyavu: Nyavu kuukuu zinafaa kwa mapezi. Ziloweke kwanza, harufu yake itafukuza wageni.
— Kweli, na zikaze pande zote. Wavu unaoning'inia hunasa ndege.