Geti lioshwe kwa maji gani? Kwa mliojenga Mombasa mkiishi ughaibuni

Kama umejenga Mombasa na mwenyewe uko ughaibuni, ipo siku utapigiwa simu: geti limeliwa na kutu, tuma pesa lipakwe rangi. Mimi nilipigiwa mwaka juzi. Nyumba iko Likoni, upande wa baharini, ambako kusi ikivuma hata kioo cha dirisha ukikigusa kinanata. Nikatuma 38,000 jioni ileile. Picha zikaja: geti jeusi linang'aa, ami yangu kasimama mbele yake na kanzu kama siku ya Idi. Miezi mitano haikwisha, rangi ikafura malengelenge. Ukiyabonyeza kwa kidole yanatoa maji ya rangi ya chai.

Wiki nzima nilimshuku fundi. Nilimkosea. Rangi ilikuwa nzuri na kazi alifanya. Kilichoniponza ni maji.

Chuma kilicholiwa na kutu ya pwani huwa na vishimo, na chini ya kila kishimo imekaa chumvi. Brashi ya waya haifiki huko. Grinda ndiyo mbaya zaidi, kwani husugua midomo ya kishimo ikang'aa, ukadhani pamesafishwa. Ukishapaka rangi juu yake, chumvi ile huendelea kuvuta unyevu, maana hakuna rangi isiyopitisha unyevu hata kidogo, na kutu inakula gizani bila wewe kuiona. Ndiyo maana chuma hukwanguliwa, kikaoshwa, kikasuguliwa ndani ya vishimo kwa brashi ngumu, kisha kikaoshwa tena. Hayo nilimwambia ami kwenye simu: "Lioshwe, ami, lioshwe sana." Likaoshwa sana. Kwa maji ya kisima.

Mnaijua Mombasa. Ya kisima ni ya kufulia na kudekia. Ya kunywa na kupika hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Ni nani mwenye akili zake atakayemwagia geti maji ya kununua? Ami aliona ni israfu, na kwa desturi ya nyumba zetu hakukosea. Lakini visima vingi vya kwetu vina chumvi, kwa hiyo tulitoa chumvi ya bahari tukatia ya kisima, nami nikailipia. Kosa ni langu. Huku Uingereza nilikozoea, bomba ni moja: maji ya kunywa ndiyo hayohayo ya kuvuta choo. Miaka kumi na moja ya kuchezea maji matamu chooni ilinisahaulisha kwamba kwetu neno "maji" halitoshi, lazima useme maji gani.

Basi sema. Sema mara mbili. Si ya kisima. Geti la milango miwili linataka mitungi kama sita ya lita 20. Atakayesimamia ayaonje, na kama sabuni haitoi povu, hayo hayafai. Ukiambiwa "kisima chetu si cha chumvi sana," jibu ni hapana. Hata kama anayekwambia ni mama yako.

Mtego wa pili ni fila, ule uji mzito wa kujazia mashimo unaoganda. Mafundi wengi wa geti hutumia ile ya kunyooshea bodi za magari, na huijaza kishimoni juu ya kutu. Siku ya kwanza geti huwa laini kama sahani. Lakini fila ile hufyonza unyevu, kutu ikivimba chini yake inabanduka vipande vizima. Kishimo kisicho kirefu hakitaki kujazwa. Praima, ile rangi ya chini ya kwanza, na rangi ya juu vinatosha, wacha chuma kionekane kizee. Kirefu, safisha hadi chuma cheupe, paka praima ya epoksi (ile ya kuchanganya makopo mawili), ndipo utie fila ya epoksi. Pakiwa pamebaki pembamba kiasi bisibisi inapenya, hapo hapana fila: pakatwe, pachomelewe kipande.

Hili Waingereza wamenifunza kwa ukali. Barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi, magari yakaoza chini, na kila mwaka gari la zaidi ya miaka mitatu hupelekwa kukaguliwa. Langu lilianguka. Mkaguzi aligonga mahali nilipoziba kwa fila, akatikisa kichwa, akaandika. Hakunigombeza wala kunihurumia. Ni watu wasioniuliza hali mtaani, jirani yangu sijui hata jina lake, lakini kitu kikioza wanakiandika kwenye karatasi. Kwetu ni kinyume: tunajuliana hali asubuhi na jioni, na geti linaoza tukitazama, kwa kuoneana haya.

Mengine mnayajua. Dawa ya kugeuza kutu iwe nyeusi inafaa kwa kutu nyembamba iliyoshika, si kwa magamba. Praima ipakwe siku ileile chuma kilipokauka, maana hewa ya Mombasa hurudisha kutu kabla ya magharibi. Rangi mikono miwili, kingo na viungo vya kuchomelea vitangulizwe kwa brashi. Kazi ifanywe kaskazi, Januari au Februari, umande ukishakauka na kabla chuma hakijawa cha kuunguza mkono. Anayekuhimiza mwezi wa tano, masika yakinyesha, mwambie asubiri.

Na picha ya geti lililokwisha kupakwa haina maana. Ami alinitumia tisa. Taka video ya chuma kikiwa uchi, karibu, kishimo kionekane kando ya njiti ya kibiriti, na ya bisibisi ikigonga kila mahali. Lipa praima baada ya hiyo. Rangi ya juu ilipie mwisho.

Mara ya pili nilimpa dada yangu kazi hiyo, ami tukampa heshima ya kukaa kwenye kiti akitazama. Mwenye mkokoteni alipoambiwa mitungi sita ni ya kuoshea geti, aliuliza kama tumeoza binti. Kusi moja imepita. Kuna lengelenge moja tu, chini ya bawaba ya kushoto, na dada anakiri kwamba hapo mtungi wa sita ulikuwa umekwisha.