Kabla ya Kumpeleka Mzee Kwenye Makazi ya Kutunzia Wazee: Ya Kuchunguza kwa Familia za Tanga

Familia nyingi hapa Tanga huanza kuzungumzia makazi ya wazee siku ambayo mama ameshaanguka bafuni, watoto wako Dar es Salaam na Arusha, na jirani aliyekuwa akimpitia kila asubuhi amehama. Uamuzi unaofanywa kwa hofu, tena kwa simu, hukosewa kwa urahisi. Zungumzeni mapema, na wa kwanza kuulizwa awe mzee mwenyewe, kwa maana wazee wetu wengi wakisikia habari hiyo huelewa kwamba wanatupwa. Mwulizeni kwa adabu ni jambo gani hawezi kuishi bila hilo: pengine ni kuusikia mwadhini, pengine ni ibada ya Jumapili, pengine ni shoga yake wa Makorora anayekuja kumsuka nywele.

Makazi ya serikali, kama yale ya Mwanzange hapa mjini, yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Mzee mwenye watoto hubakiwa na vituo vya watu binafsi au vya taasisi za dini, ambavyo ni vichache, ama mtunzaji wa kulipwa anayekuja nyumbani. Kwa vyovyote, fika kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, umwulize kama kituo unachokifikiria kimesajiliwa.

Kisha andikeni, bila kumsitiri mzee kupita kiasi, anayoyaweza na asiyoyaweza: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kula, kuinuka kitandani na kumeza dawa kwa saa zake. Mzee wa kushikwa mkono tu si sawa na mzee asiyeweza kujigeuza, ambaye hupaswa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo vidonda huanza kwenye visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Kwa hiyo swali zito kuliko yote ni la usiku: wanakesha watunzaji wangapi, na kila mmoja ana wazee wangapi? Kwa mzee aliyeanza kusahau, ulizeni pia lango hufungwa vipi, kwani wengi wa aina hiyo huhangaika jioni na kutaka kuondoka.

Nendeni mara mbili, na mara ya pili msitoe taarifa, mkafika magharibi, wakati watu wa zamu wanapokezana. Tulipomtafutia mama yangu mkubwa mahali, tulipokelewa kwenye kituo kimoja chenye rangi mpya na maua mlangoni, nami nikaridhika mpaka nilipoona bilauri ya maji iliyofunikwa vizuri ikiwa juu ya dirisha, na bibi aliyelala chini yake akiwa hana uwezo wa kuinua mkono. Midomo yake ilikuwa imekauka. Katika joto letu la Januari na Februari, tena kwa mtu ambaye uzee umempunguzia hisia ya kiu, bilauri ile ilinieleza yote. Tangu hapo hutazama maji yalipowekwa, kucha za wazee, na namna mtunzaji anavyowaita: je, anamwambia "bibi, naomba nikuinue," au anamvuta tu?

Ingieni bafuni wenyewe. Pawe na choo cha kukaa, vyuma vya kushikilia ukutani, sakafu isiyoteleza, na nafasi ya kutawadha kwa kukaa kwa anayeswali.

Kuhusu ugonjwa, ulizeni ni nani atakayempeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo saa nane za usiku, kwa usafiri gani, na ni nani atakayebaki naye. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, hivyo kitambulisho chake kinachoonyesha umri kiwe karibu kila wakati, pamoja na orodha ya dawa zake.

Mkataba uandikwe. Uonyeshe ada inagharimia nini, nepi na dawa zinalipwa na nani, na fedha zitarudishwaje akiondoka. Ombeni mwezi mmoja wa majaribio, mgawane siku za kumtembelea, na kila anayekwenda amwulize mzee akiwa naye peke yake, mlango umefungwa, jana usiku alipoita ni nani aliyekuja.