Somo: Namna ya Kuchunguza Historia ya Parokia Ndogo ya Kando ya Mto Nchini Uingereza, kwa Mfano wa Little Steeping

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanachama wanaotafuta habari za familia katika vijiji vya Uingereza, na vilevile kwa wale wanaopenda kujua historia ya mahali kwa ajili ya mahali penyewe. Mfano niliouchagua ni Little Steeping, parokia ndogo iliyo karibu na mji wa Spilsby katika jimbo la Lincolnshire. Msomaji wa Kiswahili ana sababu maalumu ya kuijua parokia hii. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja na mmoja wa waandishi wa mwanzo wa sarufi ya Kiswahili, alikuwa kasisi wake kabla ya kusafiri kuja Afrika mwaka 1863 pamoja na Askofu William Tozer, ambaye naye alikuwa kasisi wa Burgh-le-Marsh, kijiji cha jirani.

Nashauri kwa msisitizo kwamba mtafiti aanze na ardhi na mto, kisha ndipo aingie katika majina. Wengi huanza na jina la ukoo, wakalifuata kutoka rejista hadi rejista, na mwisho wakabaki na orodha ya majina bila kujua watu hao waliishi vipi wala kwa nini walihama.

Hatua ya kwanza: ujue mto

Mto Steeping huanzia katika vilima vya Lincolnshire Wolds, ambako huitwa Lymn, ukateremka hadi nchi tambarare, ukapita Wainfleet na kuingia baharini penye Gibraltar Point, kusini mwa Skegness. Little Steeping iko upande wa kusini wa mto, na Great Steeping iko upande wa pili. Kusini zaidi palikuwa na East Fen, eneo kubwa la kinamasi na mabwawa ambalo wakazi wa vijiji vya pembeni walilitegemea kwa samaki, bata mwitu, matete na malisho ya mabata bukini. Sheria ya mwaka 1801 iliruhusu eneo hilo likaushwe, na kazi ikafanywa kwa mipango ya mhandisi John Rennie. Kinamasi kikawa mashamba, ardhi ya pamoja ikagawanywa kwa wenye haki zilizotambulika kisheria, na maskini aliyekuwa akiishi kwa uvuvi na ndege akabaki kuwa kibarua wa shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo ukisoma sensa ya mwaka 1841 katika vijiji vya eneo hili na kukuta vibarua wa mashamba wamejaa kurasa, usidhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Maji yanaeleza vifo pia. Malaria, ambayo Waingereza wa wakati huo waliijua kama homa ya vipindi, ilikuwa ugonjwa wa kawaida katika vinamasi vya mashariki mwa Uingereza, na ukiona maziko mengi katika miaka fulani, inafaa uifikirie homa hiyo pamoja na njaa na ndui. Wala mto haujatulia mpaka leo: mwezi Juni 2019, baada ya mvua kubwa, tuta la Steeping lilibomoka na mamia ya nyumba za Wainfleet zikalazimika kuhamwa.

Tafuta ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka wazi mtandaoni bila malipo. Weka alama kwenye kanisa, madaraja, matuta na mashamba makubwa. Tafuta pia hati ya ugawaji wa ardhi ya pamoja. Katika parokia nyingi za Lincolnshire zaka, yaani sehemu ya kumi ya mavuno iliyotolewa kwa kanisa, zilimalizwa wakati wa ugawaji huo, kwa hiyo huenda usipate ramani ya zaka iliyotokana na sheria ya mwaka 1836.

Hatua ya pili: rejista za kanisa

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Rejista nyingi za miaka ya mwanzo zimepotea, na mwaka 1598 ikaagizwa kwamba ziandikwe kwenye ngozi na nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Nakala hizo za askofu ndizo kimbilio pale ambapo rejista ya asili imeoza kwa unyevu, jambo lisilo la ajabu katika parokia za mabondeni. Rejista na nakala za jimbo hili hutunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya Lincolnshire mjini Lincoln.

Tarajia pengo katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala wa Cromwell yule mwingine, Oliver, hadi mwaka 1660. Kuanzia Machi 1754 ndoa huandikwa kwa fomu zenye saini au alama za maharusi na mashahidi, na mashahidi hao wasipuuzwe kamwe, kwani mara nyingi ni ndugu. Kuanzia mwaka 1813 ubatizo unataja kazi ya baba na makazi, na maziko yanataja umri.

Katika parokia ndogo kama hii nashauri usinakili ukoo mmoja tu. Nakili kila mtu. Watu ni wachache, na familia tano au sita zilizooana kwa vizazi haziwezi kueleweka moja moja.

Hatua ya tatu: sensa na usajili wa serikali

Usajili wa serikali wa kuzaliwa, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Sensa zenye majina hutumika kuanzia mwaka 1841, ambapo umri wa watu wazima ulipunguzwa hadi kizidisho cha tano kilicho karibu, na kuanzia mwaka 1851 kila mtu ametajwa parokia aliyozaliwa. Sensa ya mwaka 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya mwaka 1931 iliteketea kwa moto, na ya mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Kwa zoezi, fungua sensa ya mwaka 1861 na ile ya 1871 za Little Steeping. Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, na kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili pamoja na mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili vikachapishwa mwaka 1870, kabla hajarejea Unguja mwaka 1872. Linganisha kaya za miaka hiyo miwili, uone nani amebaki na nani ameondoka.

Hatua ya nne: karatasi za maskini na wasia

Hapa ndipo palipo na utajiri ambao wengi hawaufikii. Kwa sheria ya mwaka 1662, maskini aliweza kurudishwa katika parokia yenye wajibu wa kumtunza, hata kama parokia hiyo ilikuwa ng'ambo ya mto tu. Kabla ya kurudishwa alihojiwa mbele ya mahakimu, na mahojiano hayo huwa ni maisha ya mtu kwa kinywa chake: alizaliwa wapi, alimtumikia nani, kwa ujira gani, alioa lini. Kuanzia mwaka 1837 parokia za hapa ziliunganishwa chini ya Spilsby kwa habari za maskini. Wasia za kabla ya mwaka 1858 zitafutwe katika mahakama ya kanisa ya Lincoln, na za baadaye katika ofisi ya serikali ya mirathi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimekuta mtoto aliyebatizwa Novemba 1710 na kuzikwa Februari 1710. Je, karani alikosea?

Jibu: Hapana, ndugu. Hadi mwaka 1752 mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ilikuja baada ya Novemba ya mwaka uleule. Kwa hesabu ya leo ni Februari 1711, nawe uandike 1710/11.

Swali: Familia ninayoifuatilia inatoweka katika ubatizo kuanzia miaka ya 1790, lakini ndoa zao zimo. Wamekwenda wapi?

Jibu: Yamkini walijiunga na Wamethodisti, ambao walikuwa na nguvu katika Lincolnshire, jimbo alikozaliwa John Wesley. Kati ya mwaka 1754 na 1837, isipokuwa Wakweka (dhehebu la Quaker) na Wayahudi, kila mtu alilazimika kufunga ndoa katika kanisa la Anglikana, ndiyo maana ndoa zimebaki. Tafuta ubatizo katika rejista za makanisa mengine zilizokusanywa na serikali na kuwekwa katika Hifadhi ya Taifa, Kew.

Swali: Mimi ni wa Unguja, na mmoja wa wazee wetu alilelewa na misheni ya akina Steere. Je, njia hii yafaa kwetu?

Jibu: Yafaa sana, ndugu yangu. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Tozer wavulana watano waliotolewa utumwani, na mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Tazama jinsi jina la ubatizo lilivyowekwa mbele ya jina la awali, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili, na kila jina kwa tahajia mbalimbali. Karatasi za misheni hiyo ziko katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford. Upande wa Unguja, anzia kanisa kuu la Mkunazini, ambako Steere amezikwa, na hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar. Anza na mahali kwanza: mzee wenu aliishi Mkunazini, Kiungani au Mbweni? Kila kituo kilikuwa na kazi yake, na jibu la swali hilo litakuonyesha ni karatasi zipi za kufungua kwanza.