Unataka kuiongezea nguvu gari ya spoti ya kizamani? Injini isubiri kwanza

Mimi nilianza vibaya so nisikilize. Nilikuwa na Datsun 240Z, ile ya silinda sita lita 2.4 inayokuja na kabureta mbili, nikaenda moja kwa moja kununua kabureta tatu za Weber bila hata kujua injini yenyewe iko na hali gani. Nikafunga, nikawasha, sauti tamu balaa. Wiki hiyohiyo nashuka mlima wenye kona nyingi nakanyaga breki pedali inazama mpaka chini. Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, yamenyonya maji, yakachemka. Niliokolewa na gia ndogo na hendibreki.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote jiulize gari ni ya nini. Ya kutokea wikendi? Ya kukata kona barabarani? Au unaipeleka kwenye treki? Usijibu "vyote" maana hakuna gari ya vyote. Kemshafti kali (ile shafti inayofungua valvu) inayopumua vizuri kuanzia RPM 5,000 huko, yaani mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika, itakutesa kwenye foleni, ikisimama inatetemeka kama ina malaria na chini haina nguvu kabisa, mwisho wa siku gari lina hosipawa nyingi zaidi lakini barabarani unalala nyuma ya kila mtu.

Ukishajua, pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inakandamiza hewa. Injini iwe ya moto, toa plagi zote, kata umeme wa plagi na mafuta yasiingie, mtu akanyage eksileta mpaka mwisho huku anapiga stata, andika namba ya kila silinda. Zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi kuna shida. Ile silinda iliyo chini itie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: namba ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Hapo ndo unajua kama una injini ya kuboresha au una injini ya kufufua, na hizo ni bajeti mbili tofauti kabisa usizichanganye.

Hela ya kwanza iende kwenye tairi na breki, najua haina mvuto, hakuna anayefungua boneti kuonyesha marafiki mafuta ya breki. Angalia namba nne pembeni ya tairi, 0812 maana yake wiki ya 8 mwaka 2012. Tairi la hivyo hata kama kashata zote zipo limeshakauka, tupa. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi ndo yachemke, yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155, ndo maana watu wanabadilisha kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na DOT 4 hata tone. Halafu badilisha na zile hozi za mpira, zikizeeka zinavimba ukikanyaga na pedali inakuwa kama sponji.

Baada ya hapo bushi (zile mpira za kwenye viungo vya chini ya gari) na shokapu. Kuna watu wanakimbilia kushusha gari na springi ngumu kumbe bushi zimekufa zote. Weka mpya kwanza uendeshe, unaweza kukuta gari lilikuwa zuri siku zote, limechoka tu.

Uzito nao usisahau. Gari la kilo 1,000 na hosipawa 100, ukitoa kilo 50 ni kama umeongeza hosipawa 5 na kitu, tena linasimama na kukata kona vizuri zaidi, kitu ambacho hosipawa hazikupi.

Sasa siri ninayoipenda mimi: difu, zile gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye matairi. 240Z za gia za mkono zilizouzwa Marekani zilikuja na difu ya 3.36 (shafti inazunguka mara 3.36 tairi likizunguka mara moja), ukiweka ya 3.9 unapata msukumo zaidi kwa kama asilimia 16 kwenye kila gia bila kugusa injini. Hasara yake ni kwamba kwa spidi ileile injini nayo inazunguka asilimia 16 zaidi, kwa hiyo kama unasafiri sana utachoka na makelele.

Injini yenyewe, kama kompresheni ni nzuri, anza na vidogo: ondoa pointi (ile swichi ya zamani ya kukata umeme wa plagi) weka ignisheni ya kielektroniki, seti taimingi ya cheche za plagi, mpe fundi anayejua kabureta azilinganishe. Wengi wanaishia hapo wameridhika. Ukitaka zaidi ya hapo ndo uchague: kujenga injini iliyopo, turbo, au kubadili injini kabisa. Turbo kwenye injini yenye kompresheni kubwa inagonga (mafuta yanajilipua ovyo ndani ya silinda) na kutoboa pistoni usipoishusha. Kubadili injini angalia uzito wa mbele. MG wenyewe walipoiwekea MGB GT injini ya V8 ya Rover lita 3.5 mwaka 1973 ilikubali kwa sababu ni ya alumini, wewe ukitupia dude la chuma mbele kona zote zinakufa. Na nguvu ikipanda, klachi, giaboksi na rejeta vinafuata foleni kudai chao.

Badilisha kitu kimoja, endesha barabara ileile, andika, ndo uende kingine. Spea orijino usiuze hata moja, siku ya kuuza gari mnunuzi ataziulizia. Weber zangu bado ziko kwenye boksi, nasubiri kumaliza rejeta ndo nizirudishe.